Badilisha kitasa kwanza: laptopu ya mtumba, rauta ya nyumba na laini yako ya simu

Ukihamia nyumba mpya hapa Nairobi, iwe Roysambu, Umoja ama Donholm, watu wanaoujua huu mji huita fundi abadilishe kitasa kabla hata kitanda hakijaunganishwa, juu hujui mpangaji aliyetoka alibaki na funguo ngapi na keateka naye anazo ngapi. Hakuna anayekuona una wasiwasi mwingi ukifanya hivyo. Sasa mtu huyohuyo ananunua laptopu ya ex-UK pale mjini, anawekewa faiba na vijana wa kampuni, anasajili laini ya pili, na hapo kote hakuna kitasa hata kimoja anachobadilisha. Vitu vyote hivyo vinaingia kwako vikiwa vimepita mikononi mwa watu wengine, na hao watu wengine bado wana njia ya kuingia. Majirani huniita sana niwaangalilie mashine na waifai zao, so nimeamua kuandika zile vitu mimi huangalia na sababu zake, na nyingi hazitakugharimu chochote ila jioni moja ya Jumapili.

Tuanze na laptopu juu hapo ndipo pesa nyingi huingia. Mzigo mwingi unaouona Luthuli na Moi Avenue ni mashine zilizotoka maofisini huko Ulaya na Marekani, zile EliteBook za HP, ThinkPad za Lenovo na Latitude za Dell, ofisi ikizitumia miaka kadhaa inazitoa zote kwa mpigo na kuleta mpya. Mimi nazipenda kuliko laptopu mpya za bei ya chini, nasema bila kusita, juu zimetengenezwa kustahimili, na nyingi unaifungua na bisibisi ya kawaida ukaongeza ramu ama ukabadilisha diski bila kumsumbua mtu. Lakini zilikuwa mali ya kampuni, na kampuni huziwekea kamba.

Kamba ya kwanza inaitwa Autopilot, ni mfumo wa Microsoft ambapo kampuni inasajili mashine zake ili zikiwashwa popote duniani zijue bosi wao ni nani. Usajili huo unafuata mashine yenyewe, haufuati Windows iliyo ndani, kwa hivyo hata ukiformati mara ngapi, siku ukiiunganisha na intaneti wakati wa kuiandaa upya itakuletea jina la kampuni usiyoijua na kukuomba imeili ya kazini. Muuzaji mwenye haraka anaikwepa kwa kuiandaa bila intaneti, anaweka akaunti ya kawaida, unaiona inafanya kazi vizuri sana, unalipa, na shida inakuja baadaye ukitaka kuirudisha upya. Dawa yake ni moja: kabla hujalipa mwambie airudishe upya mbele yako halafu muiunganishe na hotspoti ya simu yako. Itachukua muda, kaeni tu mpige stori. Muuzaji mwenye mzigo safi hakatai, nimeona wengine hata wanakuletea kiti.

Kamba ya pili iko kwa BIOS, ile programu ndogo ya mashine inayoamka kabla ya Windows. Ukiwasha bonyeza kitufe cha kuingilia, ThinkPad ni F1, HP ni F10, Dell ni F2, unaingia unaangalia sehemu ya usalama. Ikikuomba paswadi ambayo muuzaji hana, iache. Ukikuta Computrace ama Absolute imeandikwa kwamba iko kazini, iache pia, juu hiyo programu ya kufuatilia mashine huishi kwenye BIOS na hujirudisha ndani ya Windows hata ukibadilisha diski.

Halafu prosesa, ile chipu ambayo ni ubongo wa mashine. Microsoft iliacha kuipa Windows 10 usaidizi wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 kuendelea, pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama ndani ya mashine. Kizazi unakisoma kwa namba: i5-6300U ni cha 6, i5-8350U ni cha 8, i5-1135G7 ni cha 11. Usitegemee jina la modeli peke yake, juu modeli moja inaweza kutoka kiwandani na vizazi viwili tofauti, we soma prosesa yenyewe kwa skrini. Kuna wauzaji wanaweka Windows 11 kwa nguvu kwa mashine za kizazi cha 6, inaingia na inafanya kazi, lakini Microsoft haikuahidi masasisho kwa mashine kama hiyo, na masasisho ndiyo yanaziba mashimo wezi wanapopitia. Kama tayari unayo ya kizazi cha 6 usiitupe, tafadhali, weka Linux Mint, mfumo unaokaa mahali pa Windows, ni bure, na kwa mtu ambaye kazi yake ni brauza, barua na shule ya watoto itamhudumia miaka mingi.

Betri ndiyo watu hudanganywa kila siku. Utaambiwa inakaa masaa manne. Usibishane, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, fungua lile dirisha jeusi, uandike powercfg /batteryreport kisha Enter. Itakuambia imeweka ripoti wapi, ifungue kwa brauza, shuka mpaka uone mistari miwili, mmoja umeandikwa design capacity na mwingine full charge capacity. Wa kwanza ni uwezo wa betri ikitoka kiwandani, wa pili ni kile inaweza kubeba leo. Ukiona 50,000 mWh juu na 28,000 chini, hiyo betri imebaki na asilimia 56, na sasa mnaweza kuongea bei mkiwa mnaangalia kitu kimoja. Diski nayo iangalie na CrystalDiskInfo, programu ndogo ya bure unaweza kuibeba kwa flashi, itakuonyesha afya ya diski na masaa ambayo imewaka. Na kama mashine bado ina hadidiski ya kuzunguka, panga pesa ya SSD, diski isiyozunguka, kabla ya kupanga kitu kingine chochote, hakuna pesa nyingine kwa kompyuta ya zamani inaleta tofauti kubwa hivyo.

Ukifika nyumbani nayo, hata kama muuzaji ameiweka Windows tamu na Microsoft Office ndani, futa kila kitu uweke Windows yako kutoka kwa tovuti ya Microsoft yenyewe. Ile Office ya bure iliyofunguliwa na programu fulani ya kuvunja leseni, hujui hiyo programu inafanya nini kingine usiku. LibreOffice ipo ya kuandikia badala yake, ni halali na ni bure.

Sasa rauta, na hapa nitakaa kidogo juu hapa ndipo nyumba nyingi ziko wazi kabisa.

Kijana wa kampuni anakuja, anatoboa ukuta, anavuta kebo, anaweka rauta palepale kebo ilipoingilia, kawaida nyuma ya tivii ama karibu na mlango, anakuandikia jina la waifai na paswadi, mara nyingi ni namba yako ya simu, anaenda. Kuna paswadi mbili hapo na watu wengi wanajua moja tu. Ya kwanza ni ya waifai. Ya pili ni ya kuingia ndani ya rauta yenyewe, unaipata ukiandika 192.168.1.1 ama 192.168.100.1 kwa brauza, angalia stika chini ya rauta, na hiyo ya pili ndiyo hubaki admin na admin miaka yote. Mtu yeyote aliyepewa waifai yako, hata mgeni wa mgeni, anaweza kuingia hapo, abadilishe DNS, ile orodha inayoiambia mashine yako tovuti iko wapi, na siku ukiandika jina la tovuti unapelekwa kwa tovuti yake. Mwaka 2016 virusi inayoitwa Mirai ilizunguka dunia ikijaribu tu paswadi za kiwandani, kama sitini hivi, kwa kamera za CCTV na rauta za watu wa kawaida, ikazikusanya zikawa jeshi, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo likaipiga kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikihudumia DNS ya tovuti kubwa, mpaka Twitter na Netflix zikapotea kwa watu wengi Marekani. Zilikuwa kamera na rauta za watu kama mimi na wewe, ambao hakuna aliyewaambia kuna paswadi ya pili.

Kwa hivyo ingia, badilisha hiyo paswadi ya ndani. Kama rauta ya kampuni inakukatalia, piga simu hudumani uwaombe, ni haki yako. Kisha paswadi ya waifai iwe sentensi, maneno manne matano yasiyohusiana, sio jina la mtoto na mwaka. Aina ya ulinzi weka WPA3 kama vifaa vyako vinakubali, la sivyo WPA2 yenye AES. Halafu zima WPS, kile kitu cha kuunganisha kwa kubonyeza ama kwa pini ya namba nane. Pini ya namba nane inasikika ngumu lakini rauta huikagua vipande viwili, na namba ya mwisho ni ya kuhakiki tu, so badala ya mamilioni mtu anajaribu kama 11,000 peke yake, jambo ambalo limejulikana wazi tangu Desemba 2011 na bado nakuta rauta ziko hivyo mitaani. Mwisho zima ile ya kuingia kwa rauta kutoka nje, kama iko.

Kisha fungua mtandao wa wageni, rauta nyingi za siku hizi zinao. Nasema hivi kwa sababu ya vile tunaishi. Jirani anaomba waifai dakika mbili atume kitu, unampa, simu yake inamwezesha kumpa mwenzake kwa ile picha ya QR, jioni watu wa ngazi nzima wako ndani na we unalaumu kampuni ati intaneti iko chini. Mimi sikatai kumsaidia jirani, hata siwezi, lakini awe upande wa wageni ambako hawezi kuona printa yako wala laptopu yako, na ukibadilisha paswadi ya huko nyumba yako haisumbuki. Huko kwa wageni peleka pia tivii, kamera na vile visanduku vya Android TV visivyo na jina. Hivyo visanduku viwe vya kuangaliwa sana, juu vingine hutoka kiwandani na virusi tayari ndani, inaitwa BADBOX, na Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuihusu kwamba inageuza intaneti ya nyumba yako kuwa njia ya wahalifu kupitia. Afadhali ulipe zaidi kidogo kwa kifaa kilicho na Google Play iliyoidhinishwa.

Kuhusu spidi nitapita haraka. Kampuni inakuuzia Mbps, biti, faili zako ziko kwa baiti, gawanya kwa nane. Kifurushi cha 10 Mbps ni kama 1.25 MB kwa sekunde, filamu ya GB moja itachukua dakika kumi na tatu hivi, hapo hujaibiwa. Lakini kama unapimia chumbani na unapata mbili, mlaumu ukuta. Nyumba zetu nyingi zimejengwa na mawe yale ya kuchongwa ya Ndarugo, na mawimbi ya 5 GHz yakikutana na jiwe hilo mara mbili yamekwisha. 2.4 GHz hupenya zaidi, lakini kwa ploti yenye rauta ishirini zote ziko juu yake zinapigiana kelele, so weka chaneli iwe 1, 6 ama 11, ile ina watu wachache, zilizo katikati zinaingiliana na pande zote mbili. Toa rauta nyuma ya tivii, iinue, iweke katikati ya nyumba, hata ikibidi ununue kebo ndefu zaidi. Na kompyuta ya kazi ipe kebo ya Cat5e ama Cat6, inabeba gigabiti moja mpaka mita 100 na haijali jirani ana rauta ngapi.

Stima ikipotea, na sote tunakumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima ikiwa giza, ile UPS ndogo ya rauta, betri inayoiweka ikiwaka, inakusaidia kuendelea na kazi. Soma adapta yako kwanza, kuna rauta za volti 12 na kuna za 9, na amperi za UPS zisiwe chini ya zile rauta inataka. Kama una visanduku viwili, kile cheupe cha faiba na rauta, vyote viwili vinahitaji stima, ukiwasha kimoja hakuna intaneti. Na stima ikirudi ndio hatari zaidi kuliko ikienda, kwa hivyo kompyuta ya mezani na tivii viweke nyuma ya gadi ya stima, ile inayongoja dakika chache kabla ya kupitisha.

Laini ya simu nayo, hii hapa Kenya ndiyo ufunguo wa kila kitu, M-Pesa, benki, imeili, eCitizen. Kama uko Safaricom piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, ukiona usiyoijua iripoti. Kisha piga *100*100# uifungie laini yako isiweze kubadilishwa na ajenti yeyote, ikibidi kubadilisha laini uende duka lao mwenyewe. Kwa akaunti zako muhimu, imeili hasa, usitegemee kodi ya SMS peke yake, yaani zile namba za siri unazotumiwa ukiingia, tumia programu ya kutoa kodi kama Aegis ama Google Authenticator, na zile kodi za akiba ziandike kwa karatasi zikae nyumbani, sio ndani ya simu ambayo inaweza kunyakuliwa dirishani mwa matatu ukiwa kwa jam. Paswadi zihifadhi kwa Bitwarden ama KeePassXC, kila akaunti na yake. Na imeili yako ipeleke kwa Have I Been Pwned, tovuti ambayo Troy Hunt aliianzisha 2013, itakuambia imetokea kwa uvujaji gani. Huwa watu wananyamaza kidogo wakiona majibu.

Saiba inaniuma sana. Kaa kwa kompyuta yoyote ya saiba, fungua folda ya Downloads, utapata vitambulisho vya watu mbele na nyuma, vyeti vya KRA, matokeo ya KCSE, barua za hospitali. Hakuna aliyezificha na hakuna aliyezifuta. Ukienda kuprinti, beba flashi ama tuma, lakini kabla hujalipa simama hapo umwombe kwa heshima, "Boss, nifutie hiyo faili yangu na kwa WhatsApp pia," na uhakikishe ametoa hata kwa kapu la taka. Ukiingia eCitizen hapo tumia dirisha la faragha la brauza na utoke mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuomba data yako ifutwe, sio hisani, na Ofisi ya Kamishna wa Data ina meno, mwaka 2023 ilitoza shule moja shilingi milioni 4.55 kwa kuweka picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Programu za mikopo nazo zimekatazwa na kanuni za Benki Kuu za 2022 kusumbua watu walio kwa simu yako, lakini wewe bado nenda kwa mipangilio uangalie ni programu gani zina ruhusa ya kusoma majina, SMS na picha. Tochi haina kazi na majina ya shangazi zako.

VPN za bure, jamani, zile programu zinazopitisha intaneti yako kwa kompyuta za mtu mwingine. Telegram ilipobanwa wakati wa mitihani ya KCSE kila mtu alikimbilia ya kwanza aliyoipata. VPN haifuti macho yanayokuona, inayahamisha tu kutoka kampuni yako ya intaneti kwenda kwa mwenye VPN, na mwenye VPN wa bure lazima alipwe na kitu. Facebook ilinunua Onavo 2013, ikawa inajitangaza kama VPN ya kulinda watu huku inakusanya taarifa za programu gani watu wanatumia, mpaka 2018 ikatolewa kwa duka la Apple kwa kuvunja masharti ya data. Ukihitaji kweli, lipia, ama tumia ile ya bure ya Proton, ambayo gharama yake hubebwa na wateja wanaolipa.

Nimalizie na laptopu yako mwenyewe siku ukiiuza, juu hapo wewe ndiye unayeacha funguo kwa mtu. Kuweka kwa kapu la taka hakufuti, kuformati haraka hakufuti, PhotoRec, programu ya kurudisha faili zilizofutwa, ni ya bure na inarudisha picha za harusi zako vizuri tu. Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa MIT walinunua diski 158 za mtumba, wakachapisha matokeo 2003, katika 129 zilizofanya kazi ni 12 tu zilikuwa zimefutwa vizuri, na ndani ya zingine walipata namba zaidi ya 5,000 za kadi za benki. Kwa hivyo washa BitLocker ama usimbaji wa kifaa kwanza, yaani data yote igeuzwe isisomeke bila ufunguo, subiri imalize diski yote, kisha rudisha Windows upya ukichagua kuondoa kila kitu na kusafisha diski, sio ile ya haraka. Toka kwa akaunti ya Google na ya Microsoft, uiondoe hiyo mashine kwa orodha ya vifaa vyako. Na kama ilikuwa na mambo ya kazi ama ya wateja, mimi nakushauri uvue diski kabisa uuze laptopu bila diski, mnunuzi atapunguza bei kidogo tu, na hiyo diski uinunulie kikasha cha USB iwe bakapu yako.